Magugu yapo, yako au yamo ziwani?

SWALI: Nasomea jiografia hapa Kisumu. Karibuni nitawaeleza wenzangu darasani jinsi setilaiti zinavyofuatilia magugumaji katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Nilipokuwa nikijizoeza nilisema "magugu yapo ziwani". Mmoja akanirekebisha: "yako". Mwingine akashikilia "yamo". Lipi sahihi?

JIBU: Yote matatu ni Kiswahili safi, ila hayasemi jambo moja. Katika mazungumzo ya kila siku Wakenya wengi hutumia -ko karibu kila mahali, Watanzania nao huelemea -po, na bado tunaelewana. Lakini wewe utasimama mbele ya picha ukionyesha kwa kidole, na hapo ndipo viambishi hivi vinapohitajika hasa.

Kiambishi -po hushika mahali mahususi. Katika picha za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho ambao pichani hupewa rangi nyekundu, mimea hai huonekana myekundu, kwa kuwa huurudisha mwanga huo kwa wingi, ilhali maji huufyonza na kubaki meusi. Ukigusa doa moja jekundu, sema "magugu yapo hapa" au "hapa pana magugu". Pikseli, yaani kijiraba kimoja cha picha, ya setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo una haki ya kutaja mahali kwa uhakika. Ukipunga mkono kuelekea eneo zima, hamia -ko: "magugu yako upande wa mashariki", "huku kuna magugu". Sentensi kama "hapa kuna" imeshazoeleka mitaani, lakini mbele ya ramani humwacha msikilizaji akijiuliza kama unaonyesha nukta au eneo.

-mo hutaka ndani. Samaki wamo ziwani. Magugumaji huelea juu, mizizi ikining'inia majini. "Yamo ziwani" si kosa ukikusudia ndani ya mipaka ya ziwa, ila wenzako wanaweza kudhani setilaiti imechungulia hadi kilindini, nayo haikufanya hivyo. Mimi ningesema "yametanda ziwani", nikaiacha -mo kwa ajili ya samaki.

Kuna jambo zito kuliko hayo, nalo ni wakati. "Yapo" ni ya sasa, lakini picha ni ya siku ilipopigwa. Setilaiti mbili za Sentinel-2 zikipokezana hupita juu ya eneo moja kila siku 5. Landsat 8, setilaiti ya Marekani, peke yake hurudi baada ya siku 16. Katikati ya siku hizo upepo huyasukuma magugu kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, na mawingu yakitanda, picha nzima haikufai. Kwa hiyo taja tarehe ya picha, kisha useme "siku hiyo magugu yalikuwapo hapa". Wengi husema "yalikuwepo", nami silipingi. Ukisema "yapo hapa" huku umeshika picha ya wiki iliyopita, mvuvi aliyetoka ziwani asubuhi hiyo atakukanusha, na atakuwa na haki.