Wategeaji kwenye kazi za vikundi

Mwalimu, umeuliza utawabanaje wategeaji kwenye kazi za vikundi hapo chuoni Mtwara. Gawa alama: kati ya 20, 12 ziwe za kikundi na 8 za mtu binafsi. Vigezo wavipate siku ile ile unayotoa kazi. Kikundi kisizidi watu 4. Wakifika 8, mara nyingi wawili watatu ndio wanaoibeba kazi.

Zile alama 8 za mtu binafsi zitoe kwa maswali ya ana kwa ana, dakika 3 kila mmoja. Kama waliandika kuhusu minada ya korosho, funua jedwali lao, weka kidole kwenye bei moja, uliza: "Hii mliipataje?" Aliyebebwa hukwama hapo hapo.

Wakipimana wenyewe, iwe kwa siri na kwa sababu iliyoandikwa. Hadharani watapeana alama za juu wote, maana wanaoneana haya.