Nilisimama ubaoni miaka 15, sasa napiga magoti

Ndugu yangu wa Coco Beach, umeuliza hivi: una miaka 43, kifundo cha mguu kilivunjika kwenye ajali ya bodaboda, na kila ukitaka kusimama kwenye ubao wako wa kuteleza juu ya mawimbi unachelewa mpaka wimbi linakuangukia. Je, uhamie ubao wa magoti, ule unaopandwa kwa kupiga magoti, au uuze ule wako wenye mkia wa panda, uliogawanyika kama wa samaki, ukavue changu? Waliotangulia wamekujibu kwa utani. Mimi nitajibu kirefu kidogo, maana nimepita hapohapo.

Nilijifunza Malindi mwaka 2006. Sehemu kubwa ya pwani yetu mwamba unatukinga, wimbi linavunjikia huko nje na ufukweni linafika povu tu. Ghuba ya Malindi ina bahati ya mto Sabaki. Matumbawe hayastawi penye tope lake, kwa hiyo kusi ikishika, mwezi wa saba na wa nane, wimbi linaingia mpaka ndani na kuvunjika juu ya mafungu ya mchanga. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, mkono wako mwenyewe huuoni. Nilisimamia hapo miaka sita, kisha kazi ya ufundi wa friji ikanipeleka Durban, Afrika Kusini.

Kilichonishusha magotini ni mgongo. Mwaka 2021 nilinyanyua kompresa peke yangu kwa ujuba, nikalala wiki tatu. Niliporudi baharini, kiuno kiligoma kwenye ile sekunde moja ya kuruka kutoka tumboni kwenda miguuni. Pale New Pier, ufukwe wa Durban, asubuhi upepo ukitoka bara, wimbi linasimama wima kama ukuta, na ukichelewa kidogo tu unapigiliwa mchangani. Nikawa naokota makombo pembeni pamoja na watoto wa shule.

Kulikuwa na mzee mmoja, Mhindi wa Durban, wa rika la baba yangu, ambaye siku zote hupiga magoti. Ujana wake aliumalizia enzi fukwe zile zimegawanywa kwa rangi, na mchanga ule ule ninaotupia taulo langu yeye hakuruhusiwa kuukanyaga. Nikiri tu: kwa miaka mingi nilidhani anapiga magoti kwa sababu ya uzee. Siku moja alinikuta nimekaa nimenuna, akanitupia ubao wake na mapezi yake ya kuvaa miguuni. "Nenda," akasema, akafungua chupa yake ya chai.

Wimbi la kwanza nilipinduka. La pili pia. La tatu halikuwa kubwa, ningesimama lingenifika kifuani. Nikashika kingo mbili, nikavuta magoti chini ya kifua kwa mkupuo mmoja, basi, kazi imekwisha. Hakuna kutafuta mguu wa mbele uko wapi. Ubao ukateremka wima na mimi nimo, kwa sababu uzito wote uko chini. Kisha mdomo wa wimbi ukanipita juu ya kichwa, ukatua upande wa pili, nikabaki ndani nasikia mvumo kama wa mtu anayepuliza mdomo wa mtungi. Mawimbi ya kimo kile nilikuwa nimeyapanda miaka 15, na muda wote huo nilikuwa natembea juu ya paa. Sikujua kama mna chumba.

Na wanaokucheka uwaulize mkia wa panda wameutoa wapi. Ubao huo alibuni Steve Lis kule San Diego, California, mwaka 1967, na aliuchonga kwa ajili ya kupigia magoti. Waliosimama juu yake walikuja baadaye. Kabla yake George Greenough wa Santa Barbara alijitengenezea ubao wa magoti uliochimbwa kama kijiko, katikati faibaglasi tupu inayopinda, chini pezi refu jembamba lililofuata mkia wa jodari. Mwaka 1966 Nat Young wa Australia alishinda ubingwa wa dunia wa kupanda mawimbi, kwa kusimama, akiwa na pezi la mtindo huo wa Greenough. Kwa hiyo aliyepiga magoti ndiye aliyewafundisha waliosimama kukata kona.

Sasa ubaya wake, maana upo. Mimi nilikulia chuo cha Kurani, saa nzima juu ya mkeka mbele ya maalimu, nikadhani kukaa juu ya visigino ni kazi niliyokwisha maliza. Kumbe sivyo. Kikao cha tahiyatu, kile cha kwenye swala, mguu wa kulia unausimamisha kwenye vidole. Kwenye ubao nyayo zote mbili zinaangalia juu na vifundo vinalala bapa, halafu bahari inakupigisha chini. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa natoka majini nachechemea, ganzi mpaka kwenye nyonga. Wewe una kifundo kilichoungwa, kwa hiyo kabla ya kununua chochote tandika mkeka, laza nyayo, kalia visigino dakika tano, fanya hivyo wiki nzima. Kama kifundo hakilali, hakitalala baharini pia, na kama wamekutia chuma muulize daktari kwanza. Goti bovu nalo ni hivyohivyo.

Ukifaulu, mapezi usiyafanyie ubahili. Ubao wa magoti ni mfupi na mpana, wangu futi 5 na inchi 8, upana inchi 23, na mikono peke yake haikufikishi popote. Miguu ndiyo injini. Yafunge na kamba kifundoni, mimi nimeshazika moja Durban. Unaingia baharini kinyumenyume, ndiyo, kama bata aliyekosea njia, na watu watacheka. Ukishapanda, vuta ncha za mapezi juu, zikigusa maji zinakuwa breki na utadhani ubao ni mbovu. Bandika sponji nene pale magoti yanapokaa. Huo wako wa mkia wa panda unaweza kuanzia, ila kama ni mwembamba utazama nao.

Kusimama sijaacha kabisa. Wimbi likiwa legelege, linalofika magotini tu, ubao mrefu bado unanipa raha, na magoti hapo hayana faida yoyote.

Kusi hii nitakuwa nyumbani Malindi. Ubao wangu wa kwanza wa magoti uko kwa shangazi, nyuma ya tangi la maji, kuku wanaulalia. Njoo uujaribu. Mapezi uje na yako, mguu wangu ni namba 45.