Kinyonga Wangu Analenga Lakini Ulimi Haufiki

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafuga kinyonga wa Yemen, dume, hajatimiza mwaka. Siku hizi anamkazia macho mdudu, anafumbua mdomo, lakini ulimi unachungulia tu na kurudi. Miguu ya mbele nayo imeanza kupinda. Anakaa kwenye tangi la kioo ambalo nimeliweka dirishani apate jua. Namlisha funza wa unga, na bakuli la maji halikosekani ingawa sijawahi kumwona akinywa. Nimpe chakula gani apate nguvu?

JIBU: Marahaba. Chakula tutakifikia, ila kwanza mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, wiki hii hii. Ulimi usiofika pamoja na miguu inayopinda huashiria kwamba mwili umepungukiwa kalsiamu na unaichota kwenye mifupa. Ni matege ya kinyonga. Kilichokwisha kupinda huenda kisinyooke, lakini ugonjwa ukiwahiwa husimama, na nimewatibu walioanza tena kulenga bila kukosa. Kwa sasa usimbandue tawini kwa kumvuta, maana mifupa ya hivyo huvunjika upesi. Mwekee kijiti mbele ya kifua apande mwenyewe.

Shida kubwa naiona hapo dirishani. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu miale yote ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na ngozi ya kinyonga huihitaji miale hiyo ili kutengeneza vitamini D3. D3 ikikosekana, kalsiamu hupita tumboni bila kufyonzwa. Kwa hiyo anaota jua kutwa na hapati kile ulichokusudia akipate. Tena tangi la kioo likipigwa na jua kali linaweza kumuua kwa joto, kwa kuwa hana pa kukimbilia.

Mhamishie kwenye kizimba cha wavu kilichorefuka kwenda juu. Dume mzima hutosheka na sentimita 60 kwa 60 kwa kimo cha 120, chenye matawi ya unene mbalimbali na majani ya kujificha. Juu yake funga taa ya UVB, ya mrija, iwake saa 12 kwa siku. Usidanganywe na mwanga wake: miale huisha kabla taa haijafifia, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Weka pia taa ya joto, tawi lililo chini yake lifike nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, na sehemu nyingine za kizimba zibaki na ubaridi ili achague mwenyewe. Pima kwa kipimajoto palepale anapokaa. Usiku zima taa zote, hata zile nyekundu.

Bakuli liondoe. Vinyonga wengi hawayatambui maji yaliyotulia. Wao huvutwa na tone linalometameta kwenye jani. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, wala usikate tamaa baada ya mipulizo mitatu, kwani mara nyingi hawaanzi kunywa papo hapo. Mtazame kwa mbali: atatulia, jicho moja likikuchunga wewe na jingine likifuata tone, kisha atasogea na kuanza kulamba, koo likicheza kila anapomeza. Baadaye angalia choo chake. Ile sehemu ngumu ya mkojo ikiwa nyeupe, maji yanamtosha. Ikigeuka rangi ya chungwa, na macho yakadidimia, ana kiu kali. Kizimba kipate kukauka kati ya mnyunyizo mmoja na mwingine, la sivyo atapata maradhi ya mapafu.

Sasa chakula. Funza wa unga awe wa mara mojamoja. Mlo wa kila siku uwe nyenje, panzi na mende wa kufugwa, na mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Mdudu ni kama kikapu, kinyonga hula kilichomo. Basi washibishe wadudu mboga za majani na karoti siku moja kabla, halafu watikise ndani ya unga wa kalsiamu isiyo na fosforasi. Unga wenye D3 na vitamini nyingine utumie kama mara mbili kwa mwezi, kwani ukizidi nao hudhuru. Daktari anaweza kukubadilishia kipimo kwa kuwa wako ni mgonjwa. Mdogo hula kila siku, mzima siku moja baada ya nyingine. Nyenje waliobaki jioni watoe, humng'ata akilala. Na kimulimuli asimguse kabisa: wapo wenye sumu ambayo mmoja tu huweza kuua.

SWALI: Kinyonga wangu anaonekana mpweke. Nimletee mwenzake?

JIBU: Hapana. Kinyonga huishi peke yake na mwenzake humwona kama adui. Hata kivuli chake kwenye kioo humfanya ajivimbishe na kuwa mweusi. Wawili ndani ya kizimba kimoja, yule mnyonge ataacha kula taratibu, na utagundua umechelewa.

SWALI: Jike langu la Yemen, ambalo halijawahi kukutana na dume, limeshuka chini na kuparura sakafu siku nzima. Tumbo limejaa. Ni ugonjwa?

JIBU: Ni mayai. Majike wa Yemen hutaga hata bila dume, ila mayai hayo hayaanguliwi. Mpe leo ndoo au sanduku lenye mchanga safi uliolowanishwa, kina cha sentimita 25 au 30, mchanga ushikamane ili shimo lisibomoke. Funika pande za kizimba kwa kitambaa na umwache, kwa sababu akijiona anatazamwa hukatiza kuchimba, na anaweza kuyazuia mayai tumboni hadi yamuue. Akimaliza atafukia na kupanda juu amekonda, mpe maji mengi na wadudu wenye kalsiamu. Lakini akilegea, akafumba macho mchana, au akachimba siku mbili bila kutaga, hapo usimsubiri tena, mkimbize kwa daktari.