Vidonge vya kuongeza damu na seli zilizovimba

SWALI: Daktari, nina miaka 54, nauza nguo Gikomba. Nimemeza metfomini ya kisukari miaka tisa. Nilipimwa damu: hemoglobini 9.6, ukubwa wa seli nyekundu (MCV) 114. Muuza dawa alinipa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, na kila asubuhi nakunywa juisi ya bitiruti. Siku hizi nyayo zinakufa ganzi. Niongeze dozi? – Msomaji, Umoja

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Na hiyo foliki usiimeze tena kabla hujapimwa vitamini B12.

Hapa Nairobi damu ikipungua kila mtu anataja chuma. Anayekosa chuma seli zake huwa ndogo. Zako zimepita 100, yaani ni kubwa kupita kawaida, na upungufu wa B12 hukuza seli hivyo. Wekundu wa bitiruti haugeuki kuwa damu.

Kinachoniudhi zaidi ni hiyo foliki. Aliyepungukiwa B12 akipewa foliki peke yake, hemoglobini hupanda, yeye na muuza dawa wakafurahi, kumbe neva zinaendelea kuliwa. Zikikaa hivyo muda mrefu, hazirudi zilivyokuwa. Metfomini hupunguza B12 inayofyonzwa tumboni, na kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, upungufu huja taratibu. Ganzi nayo husingiziwa kisukari. Huenda ni kisukari kweli, ndiyo maana tunapima. Metfomini usiiache kwa uamuzi wako.

Nenda wapime B12, ini na tezi ya thairoidi, na mtaalamu aitazame damu yako kwa darubini: seli nyeupe zenye kiini cha vipande sita huashiria upungufu wa B12 au foliki, na husema mengi kuliko namba za mashine. Mwambie daktari ukweli kuhusu pombe, kwa sababu hiyo pekee hukuza seli. Taja kila dawa unayotumia. Zidovudini ya wenye virusi vya UKIMWI na haidroksiyurea ya selimundu hukuza seli, na hapo vitamini haina kosa. Vipimo vyote vikiwa safi na damu bado iko chini, tutauchungulia uboho, ile sehemu laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu.

Halafu kuna hawa wa sindano nyekundu za "nguvu" mitaani. Nyekundu ile mara nyingi ni B12 yenyewe. Juzi nimeletewa mama aliyedungwa tatu kabla ya kupimwa. Kipimo cha B12 kikasoma juu ajabu kwa sababu ya sindano hizo, na miguu yake bado haisikii sakafu.