Rojo ya nyanya iliyoharibika ndani ya chupa

Dada yangu wa mtaa wa Sakina, Arusha, nimekuelewa: ulinunua tenga la nyanya bei iliposhuka, ukapika rojo pamoja na vitunguu, ukajaza chupa, na baada ya wiki mbili baadhi zimeota ukungu na nyingine zimevimba vifuniko. Tafadhali zitupe zote bila kuonja, kwa sababu botulini, sumu kali ya bakteria wanaoota ndani ya chakula kilichofungwa, haina harufu wala ladha.

Safari ijayo pika nyanya tupu, kwani kitunguu na saumu hupunguza uchachu unaozuia vijidudu. Vitie siku ya kupika mchuzi. Kila lita iongezee vijiko vinne vya chakula vya siki yenye asidi ya 5%, kisha uzichemshe chupa zilizofungwa, zikiwa zimezama kabisa majini, kwa dakika 45 kama ni za nusu lita, au 55 kama ni za lita moja. Usipunguze muda huo: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Tumia vifuniko vipya. Mimi nilipoteza chupa nyingi kwa kurudia vya zamani, ambavyo mpira wake ulikuwa umechoka.

Iwapo kuna aliyekwisha kuonja, naye akaanza kuona vitu viwili viwili, kulegea kope au kushindwa kumeza, mpelekeni hospitali mara moja.