Swali la lugha: Je, "Hariri vifaa kwa wingi" ni sahihi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kitengo cha TEHAMA katika chuo kimoja Morogoro. Tunaiweka kwa Kiswahili programu ya kutunza orodha ya kompyuta, printa na vishikwambi vya ofisi. Kitufe cha kubadilisha taarifa za vifaa vingi mara moja tumekiita "Hariri vifaa kwa wingi". Kazi ikiisha, unatokea ujumbe: "Kompyuta 40 kimehaririwa". Kosa naliona, ila programu ina kiolezo kimoja tu cha ujumbe, yaani sentensi iliyoandaliwa ambamo jina la kifaa na idadi hujazwa, na kinatumika kwa aina zote za vifaa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Aliyeandika kiolezo alikuwa akiwaza "kifaa". Jina likabadilishwa, kitenzi kikabaki na ki- yake. Kompyuta, printa na simu ni ngeli ya I-ZI, kishikwambi ni KI-VI, na kila jina litadai upatanisho wake. Mkijaribu kutunga kiolezo kwa kila kifaa hamtamaliza.

Jiulizeni kwanza kilichobadilika ni nini. Kompyuta bado iko palepale mezani. Kilichobadilika ni maandishi yanayoihusu: iko idara gani, amekabidhiwa nani, dhamana yake inaisha lini. Kuhariri ni kazi ya maandishi, ndiyo maana magazeti yana wahariri, printa haihaririwi. Basi kiima kiwe "rekodi", na ngeli itatulia kwa vifaa vyote: "Rekodi 40 zimebadilishwa." Neno "taarifa" nalo ni I-ZI, lakini silipendekezi hapa, kwa kuwa kompyuta moja ina taarifa nyingi na hesabu itapotosha.

Bado mtahitaji violezo viwili, "Rekodi 1 imebadilishwa" na "Rekodi 40 zimebadilishwa". Data za lugha za Unicode, shirika linaloweka viwango vya maandishi kwenye kompyuta, zinazotumiwa na programu nyingi, zinakitengea Kiswahili maumbo hayohayo mawili, la moja na la idadi nyinginezo. Sifuri huangukia kundi la pili, nayo "Rekodi 0 zimebadilishwa" inakwaruza sikio. Kama programu inaruhusu, andikeni "Hakuna rekodi iliyobadilishwa".

Sasa "kwa wingi". Tunasema watu walijitokeza kwa wingi, maembe yanapatikana kwa wingi. Hapo tunataja ukubwa wa idadi, hatusemi kwamba tendo limefanyika mara moja. "Kwa mkupuo" lingekaribia zaidi, na "kwa pamoja" linaeleweka, ingawa linaweza kudhaniwa kuwa watu kadhaa wanashirikiana. Mimi ningeviacha vielezi vyote na kuandika "Badilisha rekodi ulizochagua". Kirejeshi -zo- kimekwisha kusema kuwa ni nyingi, na kwamba ni zile tu mtumiaji alizotia alama. Kwa sababu hiyohiyo msiandike "Chagua zote" tupu. Zote za ukurasa huu, au zote zilizomo kwenye orodha? Andikeni wazi, maana hapo ndipo mtu hubadilisha rekodi 300 akidhani ni 50.

Kama programu yenu haigusi sehemu zisizojazwa, lisemeni hilo juu ya fomu: "Sehemu utakayoiacha tupu haitabadilika." Mtumiaji asipoambiwa, ataogopa kwamba akiacha tupu anafuta.

Hukuniuliza kuhusu neno "futa", lakini ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. "Futa kompyuta" yaweza kuwa kupangusa vumbi, kuondoa rekodi yake kwenye orodha, au kuteketeza kila kilichomo ndani yake. Maana ya kwanza haina madhara. Hizo mbili nyingine zikikaa kwenye kitufe chenye jina moja, kuna siku mhasibu atapoteza mafaili yake kwa sababu ya tafsiri. Kitufe cha orodha kiitwe "Ondoa rekodi kwenye orodha". Na kama programu yenu inaweza kufuta data za kompyuta kwa mbali, kitufe hicho kiwe na jina refu bila kuona haya, "Futa data zote zilizomo kwenye kompyuta", kisha kabla ya kutekeleza kitaje idadi: "Data zote zilizomo kwenye kompyuta 40 ulizochagua zitafutwa, na hazitarudishwa. Je, uendelee?"