Usisaini barua ya kuacha kazi

Pole sana ndugu yangu. Nimekuelewa hivi: umefanya kazi kiwandani miaka 3, mashine imekukata vidole viwili, na sasa bosi anataka uandike barua ya kuacha kazi ndipo "akusaidie". Unauliza kama NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, watakulipa.

Hiyo barua usiiandike. Fao la kupoteza ajira ni la aliyeachishwa, si aliyeacha mwenyewe. Shemeji yangu alisaini kwa ahadi ya kuitwa tena. Hakuitwa, na fao akalikosa. Ukiachishwa, na una michango isiyopungua miezi 18, hujafika miaka 55 na hujapata kazi nyingine, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwanza kachukue taarifa ya michango yako, maana wapo waajiri wanaokata wasipeleke.

Vidole ni suala jingine kabisa, la WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huko anachangia mwajiri peke yake, kwa hiyo usitishwe kwamba "hukuwahi kukatwa mchango". Daktari anapima ulemavu wa kudumu: usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Dai ndani ya miezi 12 tangu ajali. Tunza karatasi za hospitali, na majina ya waliokuwepo.

Akikufukuza, una siku 30 tu za kufungua shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapo tafuta wakili au chama cha wafanyakazi mapema.